Kibuyu cha Mama Chebet

Wiki iliyopita nilikishusha kibuyu kutoka kwenye msumari, nikachomoa kifuniko chake cha ngozi, na harufu ikanirukia usoni kama mtu aliyefungiwa ndani muda mrefu. Moshi, na chini ya moshi maziwa ya zamani. Hakijawahi kutiwa tone la maziwa tangu nilipokuwa darasa la tatu, lakini harufu haikuondoka. Kama ulikulia kambini kwenye mashamba ya chai, wewe wa rika langu, unaijua harufu hiyo hata kama kwenu hamkuwa na ng'ombe. Kila kambi ilikuwa na mama mmoja aliyekuja na kibuyu kutoka kwao.

Wetu alikuwa Mama Chebet. Kwao ni Sosiot, upande wa Wakipsigis. Chebet mwenyewe alikuwa ameshaolewa Kimulot, kwa hiyo jina la mtoto tulilijua lakini mtoto hatukumjua. Kila Jumamosi jioni Mama Chebet alienda nyumbani, akarudi Jumapili jioni na kibuyu cha maziwa lala, yale yaliyochachuka ya rangi ya majivu, akatukabidhi mlangoni. Mama yangu, ambaye ni Mkisii, hakukirudisha kibuyu kitupu hata siku moja. Alikirudisha na ndizi za kupika, au unga wa wimbi kwenye mfuko, na juu ya mfuko akaweka majani machache ya saga, mboga chungu ya kwao. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kibuyu kilienda na kurudi, nami nilidhani hivyo ndivyo vibuyu vyote duniani vilivyoishi.

Mji wetu ulikuwa mji wa kiwanda. King'ora kililia alfajiri mara ya kwanza, na uji ukawekwa motoni. Kikilia mara ya pili, milango yote ya laini yetu ya nyumba ilifunguka pamoja, wanawake wakatoka na epron zao za plastiki zikigonga magoti. Watu wa mbali hudhani kiwanda cha chai kinanukia kama kikombe cha chai. Kwetu kilinukia nyasi zilizolala juani, na katikati yake tunda lililosahauliwa likaiva kupita kiasi. Ukichanganya na moshi wa kuni za blugamu na mvua ya saa nane, hiyo ndiyo hewa niliyoivuta nikiwa mtoto.

Nyumba hazikuwa zetu. Zilikuja na kazi na ziliondoka na kazi. Mimi na Mama tulikuwa wawili tu, na kwao hakukuwa na kipande cha ardhi cha kurudia, wajomba walikuwa wameshagawana. Kwa hiyo kazi ya Mama ilikuwa kazi, na ilikuwa pia paa, na jiko, na ukuta niliouegemea nikilala.

Halafu mkono wake ukaharibika. Aliteleza na kikapu kilichojaa kwenye njia yenye matope, akaangukia kiganja cha kulia. Kifundo kilivimba, kikapoa, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Mchunaji wa chai anahitaji vidole kuliko anavyohitaji macho. Mama hakwenda kliniki ya kampuni, maana ukienda huko jina lako linaandikwa. Alifunga kitambaa, akakificha chini ya mkono wa sweta.

Mama Chebet alichuna mstari wa pembeni mwake. Siku za Jumamosi nilikaa kwenye mawe mwisho wa shamba nikiwatazama, na nilichokiona nilidhani ni mchezo. Mama Chebet alichuna mkono mmoja wa majani, akarusha begani kwenye kikapu chake. Akachuna wa pili, akarusha kwake. Wa tatu akaurusha upande, ukaingia kikapuni mwa Mama. Hakugeuza kichwa. Kwake, kwake, kwa Mama. Wakati mwingine walikuwa wakisimuliana habari za kanisa, na majani yalipita hewani katikati ya maneno yao. Nilikuwa nikihesabu kwa midomo bila sauti, na ukifika wa tatu nilifurahi kama mtu aliyefunga bao.

Mwaka huohuo alikuja yule mtu wa daftari.

Alikuwa mwembamba, koti refu, viatu vya mjini vilivyojaa udongo mwekundu. Alisema anaandika kitabu kidogo cha historia ya mji wetu: nani alikuja kwanza, kiwanda kilijengwaje, nani alikufa, nani alizaliwa katika nyumba ipi. Alisema hayo kwa adabu, mlango kwa mlango, na kila mlango aliouacha ulifungwa kwa komeo nyuma yake.

Ni lazima ukumbuke mambo yalivyokuwa. Kwenye shamba la ng'ambo mashine za kuchuna zilikuwa zimeshaletwa. Tulizisikia zikiunguruma asubuhi, na tulisikia kwamba watu wawili na mashine moja wanamaliza shamba la wanawake kumi. Sasa mtu anakuja na daftari anauliza una umri gani na umekaa hapa tangu lini.

"Historia!" Mama alisema, akipepeta mchele kwa mkono mmoja. "Nani anataka historia ya mtu wa kuchuna chai?"

"Anauliza waliokufa," Mama Chebet akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chetu, miguu mbele ya moto. "Mtu akihesabu wale wamekufa, si anatafuta kujua wale wamebaki?"

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mimi sijui Kiswahili."

"Umemwambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

Walicheka mpaka Mama akaweka ungo chini. Lakini baadaye aliniita, akanishika kidevu. "Moraa. Yule mtu akikuuliza kitu chochote, sema hujui. Jina langu hujui. Mkono wangu hujui. Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa. Lilikuwa agizo rahisi kwangu. Nilikuwa mtoto asiyeongea. Mwalimu akiniuliza swali, jibu lilinijia likakwama kooni kama mfupa wa samaki, nikakalishwa chini.

Kambi nzima ilimdanganya yule mtu. Mama alimwambia anaitwa Mary, ametoka Kedowa, ana miezi mitatu tu hapa. Mzee Nyangau, aliyetia kuni kwenye tanuri la kiwanda tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alimwambia kwamba king'ora kililetwa kwa mgongo wa punda, na punda alipofika akaanguka akafa kwa kiburi, akazikwa pale chini ya tangi la maji. "Andika hiyo," akamwambia. "Andika punda alikuwa wa kike." Yule mtu aliandika kila kitu. Sisi watoto tulimfuata kwa mbali, tukamwita Karani wa Wafu.

Jumamosi moja nikiwa kwenye mawe yangu, alikuja akaketi jiwe la tatu kutoka langu. Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kitu. Alitoa kisu kidogo akachonga penseli, maganda yakaanguka kwenye viatu vyake, akatazama shamba. Nilingoja swali ili nijibu sijui. Swali halikuja. Sijui kama umewahi kuwa mtu mwenye haya. Mtu asiyekuuliza anakuwa kama mlango ulioachwa wazi, na wewe mwenyewe unajikuta umeingia.

"Yule wa epron ya njano," nikasema, "anachuna na mikono mitatu."

Alitazama. Nikamwonyesha: huu kwake, huu kwake, huu kwa mwingine. Tulihesabu pamoja mara nne au tano.

"Kwa nini anafanya hivyo?" akauliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza, na kufikia hapo nilikuwa nimeshalainika.

"Kwa sababu mkono wa mwingine hauna vidole vya kukunja," nikasema. "Lakini ni siri."

Hakuandika. Nakumbuka hilo vizuri, kwa sababu nilitazama penseli. Aliiweka mfukoni, akasema asante, akaondoka.

Barua zilikuja kabla ya shule kufungwa. Supavaisa alizigawa shambani asubuhi, kwenye ukungu, akisoma majina. Katika kundi la kina Mama zilikuwa nne, na moja ilikuwa ya Mama. Kazi imekwisha, nyumba irudishwe mwisho wa mwezi. Mama Chebet hakupata barua.

Mama alirudi nyumbani kabla ya king'ora cha mchana, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Aliketi kitandani akaweka ule mkono mbaya juu ya magoti, akaufungua kitambaa, akautazama. "Mkono huu ulijulikana na watu wawili," akasema. Hakuwa akisema na mimi. "Mimi na yeye. Wawili tu."

Mimi nilikuwa wa tatu, na nilikuwa nimesimama kando ya jiko. Jibu lilikuja mpaka kooni, likakwama palepale linapokwama siku zote.

Jumapili hiyo jioni Mama Chebet alikuja na kibuyu kama kawaida. Alikuwa amenyeshewa.

"Mama Moraa, nimesikia. Uchungu sana."

"Umesikia, au umesema?"

"Nimesema nini?"

"Wiki ile kabla ya barua ulikuwa unaongea na supavaisa kwa Kikipsigis. Mkacheka. Mlikuwa mnacheka nini?"

Mama Chebet alishika kibuyu kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa. "Tulikuwa tunacheka ng'ombe yake," akasema. "Imekula kofia."

"Haya. Asante kwa maziwa."

Mama alipokea kibuyu, na mlango akaufunga polepole, bila kuubamiza. Mpaka leo nadhani angeubamiza ingekuwa afadhali. Asubuhi aliyamwaga maziwa nyuma ya choo. Nililia, na Mama akadhani ninalilia maziwa.

Tulihamia chumba kimoja nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga, hapa senta ya maduka, ambapo tunaishi bado. Mama alianza kuuza mboga. Kibuyu alikiosha, akakitundika kwenye msumari juu ya meza, na hapo kikakaa. Hakuweza kukirudisha kitupu, maana hiyo ni tabia mbaya. Na hakutaka kukirudisha na kitu. Kwa hiyo mali ya watu ilikaa kwetu, ikitutazama tukila.

Kila jioni Mama alikumbuka kitu kingine. Kwamba Mama Chebet aliwahi kumuuliza mkono unaendeleaje mbele ya watu. Kwamba ana nyumba Sosiot, ana ng'ombe, ana chai yake mwenyewe, basi kazi ya wenzake aliitakia nini? Kwamba pengine ule mkono wa tatu wa majani ulikuwa wa kumfunga, ili siku moja apate la kusema. Mambo mema aliyageuza moja moja akayatazama upande wa chini. Watu walipojaribu kumpa habari za Mama Chebet alisema, "Sitaki kumjua." Nami nilisikiliza, nikiosha vyombo. Nilikuwa ninaweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja. Mwaka ulipita, na sentensi ikazidi kuwa nzito, ukapita mwingine. Niliishia darasa la nane nikaanza kazi hapohapo kwenye posho mill. Mtu akitoa kalamu nikiwa ninaongea, mimi hunyamaza. Nilikuwa nimeshajifunza kalamu inafanya nini.

Mji nao ulibadilika. Mashine zilikuja mpaka shamba letu. Laini za nyumba zilibaki nusu, nyingine zimeota majani mlangoni. King'ora bado kinalia, lakini milango haifunguki tena kwa pamoja.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alirudi kutoka shule na kijitabu chembamba chenye picha ya king'ora kwenye jalada. Walikuwa wameambiwa wakisome, wajue historia ya kwao. Nilimwomba aniazime.

Mama hajui kusoma sana, na mimi husoma polepole, kidole chini ya mstari. Nilimsomea jioni kabla ya chakula, yeye akichambua saga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa punda. Mama aliacha mboga. "Punda?"

"Wa kike," nikasoma.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee Nyangau ameshakufa, na punda wake ameingia kitabuni, watoto wanafundishwa. Tuliwakuta wote: mwanamke aliyeitwa Mary wa Kedowa, babu aliyesema alitembea siku tisa akifuatwa na chui mpole. Kitabu kizima cha uongo wetu, kimepangwa vizuri, kimepigwa chapa. "Maskini yule mtu," Mama akasema. "Tulimtesa."

Nikafungua ukurasa mwingine. Mtu anayesoma polepole huona maneno ya mbele kabla hajayafikia, na chini ya ukurasa niliona "epron ya njano".

Niliacha kusoma. Ningeweza kufungua kurasa mbili kwa pamoja. Mama asingejua. Alikuwa anacheka, alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu kambini, na kibuyu kilikuwa juu ya kichwa chake.

"Umechoka?" akauliza.

"La," nikasema. Nikaweka kidole chini ya mstari.

Iliandikwa hivi: "Mtoto mmoja, ambaye sikumuuliza jina, alinionyesha wanawake wawili wakichuna. Mmoja mkono wake ulikuwa mgonjwa. Mwenzake wa epron ya njano alitia mikono miwili ya majani katika kikapu chake, na wa tatu katika kikapu cha mwenzake, tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto aliniambia ni siri, nami sikuitoa kwa mtu mpaka nilipojua kwamba wote wawili wameondoka kazini. Katika yote niliyoelezwa mjini hapa, hili niliona kwa macho yangu."

Mama hakucheka. "Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mtoto," akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Najua ni wewe. Nani mwingine alikuwa anakaa kwenye yale mawe?" Aliendelea kuchambua saga, lakini alikuwa akitupa majani mazuri na kuweka vijiti sufuriani. Nilingoja anipige, ingawa nimeshakuwa mkubwa. Kisha aliuliza, "Imesema wote wawili?"

"Wote wawili wameondoka kazini."

Aliinua macho akatazama kibuyu. Alikitazama kama mtu anayeona saa na kugundua amechelewa.

"Kipeleke," akasema.

"Wewe hutaenda?"

"Nitaenda na uso gani?"

"Nikipeleke kitupu?"

"Moraa, una wazimu?" Akainuka kupima unga wa wimbi.

Ndipo nilipokishusha, nikakifungua, harufu ikanirukia usoni.

Sosiot si mbali, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilimkuta Mama Chebet nyuma ya nyumba yake akichuna chai yake mwenyewe, mistari michache tu, na mkono mmoja wa majani ulikuwa hewani nilipomwamkia. Nywele zimekuwa nyeupe. Hakunijua. Kisha akaona kibuyu.

"Chamgei," akasema taratibu. Hizo ni salamu zao.

"Chamgei mising," nikajibu, na baada ya hapo nikasema yote kwa mara moja, kabla hayajakwama. Mawe, penseli, siri, barua. Nilisema nikitazama viatu vyangu. Nilipomaliza nilikuwa ninatoka jasho kama aliyepanda mlima.

Alivua kikapu akaketi kwenye nyasi. "Kwa hivyo mama yako amekaa akijua ni mimi."

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa ukijua ni wewe."

"Ndiyo."

"Mimi nilipata barua yangu wakati wa baridi uliofuata," akasema. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu, akakunja vidole kumi na kuvikunjua. "Ona. Mizima. Hii nayo ilisemwa na nani?"

Nilivitazama vile vidole kumi.

"Nitakuambia mimi nilijua ni nani. Nilijua ni mama yako. Nikasema, huyu mwanamke kwa hasira ameenda akaambia watu natia majani kwa kikapu ya mwingine. Nimekaa na hiyo hapa," akajigonga kifuani, "kila nikikamua ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Mashine ilikuja ikatutoa wote, Moraa. Na sisi tukakaa tukitafuta ni nani amesema."

Alichukua kibuyu, akakichungulia, akanusa, akakunja pua. "Mmeosha na sabuni?"

"Mama aliosha."

"Wakisii!" akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Alipokea unga, akaonja kidogo kwa ncha ya kidole. Kisha aliingia jikoni akatoka na kijiti kinachowaka mwishoni, akakiingiza kibuyuni, akaanza kusugua ndani kwa makaa yake, zungusha, zungusha, na ile harufu ikatoka mpya.

"Jumapili maziwa yatakuwa tayari," akasema.

"Nitakuja kuyachukua."

"Wewe?" Alinitazama juu hadi chini. "Wewe umeshaongea ya kutosha. Mwambie mama yako aje."

Nilitembea hadi getini nikasimama. Niliijua nyumba yetu, nilijua Mama ataniuliza mara kumi. Nilichukua karatasi ya risiti mfukoni, na kalamu ya kazini, nikaandika maneno yake yale manne ya mwisho, polepole, nikiwa bado ninayasikia.

Ilikuwa kama nilivyodhani. Leo ni Jumamosi, na Mama ameniuliza tangu asubuhi. Amefua epron yake ya zamani ambayo haina kazi tena. Ameazima viatu kwa jirani, akavijaribu, akavivua, akavivaa.

"Alisema nije, au alisema naweza kuja?"

"Alisema uje."

"Alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anasugua kibuyu."

"Ulisikia vizuri? Wewe ukiwa na woga husikii."

Nikampa karatasi. Aliishika kwa ule mkono mbaya, akaigeuza, akaisogeza karibu na dirisha. Alipitisha kidole chini ya maneno manne, moja moja, kama ninavyofanya mimi. Sijui alisoma mangapi. Kisha akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la leso, akauliza gari la kwanza la kwenda Sosiot linatoka saa ngapi.